Motokari Yenye Jua Juu ya Paa: Kutoka Lubumbashi Mupaka Kolwezi

Wengi kati yenu munaijua barabara ya Lubumbashi kwenda Kolwezi kuliko mimi. Ni karibu kilometa 120 mupaka Likasi, kisha karibu 180 zingine kwa kupita Fungurume na kuvuka mto Lualaba. Munaijua kwa makamio yenye kubeba shaba, kwa peaji, kwa wamama wanaouza makala kando ya lami. Mwisho wa mwezi wa kumi, mwaka 2023, mimi niliipita nikikaa ndani ya nyumba. Kweli kabisa, nyumba: kitanda, meza, jiko, friji, choo kidogo chenye mulango, na chini ya vyote magurudumu 4. Wafransa wanaiita camping-car. Batoto wa Likasi waliiita "nyumba inatembea", na naona jina lao ndilo zuri.

Wenye nyumba hiyo walikuwa wazee wawili kutoka Ubelgiji, bwana na bibi, wote wameisha kupata pansio. Baba alizaliwa Likasi katika miaka ya 1950, wakati muji ulikuwa ungali unaitwa Jadotville. Alitaka kuona tena lupango ya utoto wake mbele miguu haijakataa. Walikuja kwa njia ya Zambia, wakaingia kwa Kasumbalesa, na rafiki mumoja akawaleta kwenye lupango ya kanisa letu ili wapate pa kulala penye ulinzi. Walifika saa kumi ya jioni. Neno la kwanza la mama, mbele hata ya kuomba maji ya kunawa, lilikuwa: "Pasta, friji yetu imekufa. Muko na barafu?"

Haikuwa juu ya nyama wala bia. Mama huyo ana ugonjwa wa sukari, anajichoma sindano ya insulini kila siku. Chupa moja iliyoanza kutumika inaweza kukaa inje ya friji karibu wiki ine, kama joto si kali. Lakini chupa za akiba zinapaswa kukaa katika baridi ya digri 2 mupaka 8. Zikipata moto zinaharibika, na zikiganda barafu zinaharibika vilevile. Akiba yake ilikuwa ya miezi 2. Na mwezi wa kumi wa kwetu munaujua: jua kali, mvua ya kwanza inatisha tu, hainyeshi. Tulitia chupa zile katika friji ya jirani, na usiku ule ule delestaji ikakata umeme wa kartie yote kwa saa 7. Mama hakulala. Saa nane ya usiku nilimuona kwa dirisha anatembea na tochi, kipimo cha joto mukononi.

Nyumba ya namna hii si kitu kipya katika Kongo. Mwaka 1938 Mwitalia mumoja, Attilio Gatti, alileta katika inchi yetu motokari mbili kubwa za nyumba zilizotengenezwa Marekani na kiwanda cha International Harvester, zenye vyumba, jiko na taa za umeme. Umeme wake ulitoka katika mashine ya mafuta, na mashine ya mafuta inataka mafuta, nayo mafuta tunajua habari yake. Motokari za leo zinabeba pano juu ya paa. Jua halina foleni kwenye pompi.

Asubuhi nikamwita kijana mumoja wa kartie, fundi aliyesomea umeme kwa masomo ya ufundi Likasi, leo anatengeneza simu kule Katuba. Akapanda juu ya paa pamoja na muzee, mimi nikashika ngazi. Juu kulikuwa pano 3. Moja ilikuwa ndogo, ya kioo chenye fremu, wati 80. Mbili zilikuwa za ile aina nyembamba inayojikunja, zimebandikwa na gundi moja kwa moja juu ya bati la paa. Hizo mbili zilikuwa na madoa ya rangi ya kahawa, kama nguo iliyoachwa chini ya pasi. Fundi akatia kipimo chake. Moja haikutoa kitu, ya pili ilitoa kidogo sana.

Sababu ni hii, na inafaa kila mutu anayetaka kununua pano aishike. Pano inapenda mwangaza, lakini haipendi joto. Kiwanda kinapima nguvu yake wakati iko na digri 25. Kila digri inayopita hapo inaiba karibu sehemu 4 katika 1,000. Juu ya paa saa sita, pano inaweza kufika digri 65. Ni digri 40 zaidi, basi karibu 16 kwa mia ya nguvu imekwisha kwenda. Pano ya kioo iliyoinuliwa vidole viwili inapitiwa na upepo chini, inapumua. Ile iliyolala juu ya bati haipumui. Joto linakusanyika, vipande vya ndani vinaungua kimoja kimoja. Kule Ulaya wanapenda pano nyembamba kwa sababu ni nyepesi. Kwa jua la Katanga ni bora kubeba kilo chache zaidi.

Tukaenda mujini kununua. Katika duka la kwanza muuzaji akatuonyesha pano nzuri, inangaa, imeandikwa wati 300. Kijana wetu hakusoma maandishi. Akatoa metre mufukoni, akapima: sentimeta 100 kwa 50. Akacheka kidogo. Akanieleza kwa sauti ya chini, nami ninawaeleza ninyi kwa sauti kubwa: jua la saa sita linaleta karibu wati 1,000 juu ya metre mraba moja, na pano nzuri za leo zinageuza 20 mupaka 22 tu kwa mia kuwa umeme. Basi metre mraba moja inatoa wati 200 na kitu, si zaidi. Nusu ya metre mraba, wati 110 hivi. Wati 300 zitatoka wapi?

"Ni teknolojia mupya, bana," muuzaji akasema.

"Yaya," fundi akamujibu kwa heshima, "teknolojia inaweza kuwa mupya, lakini jua ni lile lile."

Jamaa ngapi wameuza mbuzi, hata kiwanja, kwa kununua karatasi iliyobandikwa nyuma ya pano! Metre ya fundi cherehani ingewaokoa. Katika duka la tatu tulipata pano 2 za wati 150, kila moja karibu metre 1 na nusu kwa sentimeta 67. Hesabu ilikubali, tukalipa.

Kazi ya kuzifunga ilichukua siku mbili, na muzee alitaka iwe nusu siku. Kwanza fundi alikaa juu ya paa na chaki. Saa mbili ya asubuhi akachora kivuli cha antena na cha kifuniko cha dirisha la juu. Saa sita akachora tena, na saa tisa tena. Mama akauliza, anachora nini pale juu? Ni kwamba ndani ya pano kama hizo kuna vipande 36 vilivyofungwa kwa mustari mumoja. Ni kama watu 36 wanaopokezana ndoo za maji kutoka kisima: mumoja akisinzia, mustari wote unasimama. Kivuli cha antena kisichozidi unene wa kidole kinaweza kupunguza pano nzima. Tulipata nafasi mbili pasipo chaki, pano zikakaa pale. Kivuli ni kivuli, hata cha maua: jakaranda za Lubumbashi zilikuwa zinamwaga maua yake wakati ule, na kila asubuhi tulitoa maua yaliyonata juu ya kioo.

Paa la nyumba hizi si kama paa la kamio. Ni bati nyembamba sana la aluminiamu, chini yake povu gumu na vipande vya miti. Ukitoboa vibaya, maji yanaingia polepole, miti inaoza, na siku unaona doa ndani, imeisha kuoza mbali. Ndiyo sababu wanabandika miguu ya pano kwa gundi nzito ya poliuretani. Lakini gundi inataka usafi kama wa daktari: unapangusa kwa alkoli, unakwaruza kidogo, unapangusa tena, hauweki kidole. Kisha unaiacha mchana na usiku. Kwa mashimo ya barabara zetu fundi akaongeza visi mbili kwa kila mwisho, zimezungukwa na gundi ile ile. Waya ukaingia kwa kisanduku kidogo chenye mudomo unaotazama nyuma, ili mvua inayopigwa na mwendo isiingie.

Jioni ya siku ya kwanza muzee akasema, twende, gundi itakauka njiani. Kijana akashuka ngazi, akavua kofia.

"Papa, munisamehe. Mukienda leo, upepo wa barabara utashika pano hii kama bawa la ndege. Haitaanguka juu yenu, itaangukia mutu wa baiskeli nyuma yenu."

Tukalala siku nyingine.

Kwa nyaya nitasema kwa ufupi, maana kila fundi wa kweli anayajua. Pano haina mulango wa kufunga: pakiwa mwangaza, inatoa umeme. Kwa hiyo wakati wa kufunga tuliifunika blanketi. Nyaya zinaingia katika regulateri, chombo kinacholinda batri isijazwe kupita kiasi. Unafunga batri kwanza, kisha pano. Ukifungua, pano kwanza, kisha batri. Wengi wanageuza utaratibu huo na kuua regulateri siku ya kwanza. Kati ya regulateri na batri waya unapaswa kuwa munene na mufupi. Na fizibile, ndugu zangu, fizibile karibu kabisa na batri! Batri kama ile inaweza kutoa amperi mamia kwa mara moja. Nyaya zikigusana pasipo fizibile zinakuwa nyekundu kama makala ya mbabula, na nyumba hii imejaa miti, povu na gazi ya kupikia. Wenye kufunga umeme wa jua nyumbani, mutazame leo jioni kama fizibile iko.

Batri yenyewe ilinipa la kufikiri. Muzee aliniambia ni ya lithium, amperi-saa 100. Nikasema, basi kuna kobalti ya kwetu ndani, mumeirudisha nyumbani. Akatikisa kichwa. Hii ni ya aina inayotumia chuma na fosfati, haina kobalti hata kidogo. Inchi yetu inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, na batri nyingi za simu ziko nayo, lakini nyumba hii ilitembea juu ya udongo wa kobalti na batri isiyoihitaji. Shaba peke yake ilikuwa ya namna ya kwetu, ndani ya nyaya. Kijana fundi aliposikia akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Papa, batri zote zikiwa hivi, kwetu kutakuwa namna gani?" Muzee hakuwa na jibu, na mimi pia ninaona ni ulizo la kupelekwa mbali kuliko lupango yetu.

Tulitoka Lubumbashi alfajiri ya siku ya tatu, chupa za insulini zikiwa ndani ya friji, kipimo kikionyesha digri 5. Mimi na kijana tulikaa nyuma mezani kama wakubwa. Mama alikuwa ameandika hesabu katika daftari: friji inakula karibu wati-saa 450 kwa siku, taa 80, pompi ya maji, kipepeo na simu 110. Jumla 640. Pano mbili za 150, kwa jua zuri la saa 5 na kwa kutoa yanayopotea njiani kwa joto na nyaya, zinaleta kama 1,050. Siku ya mawingu mazito, kama 300. Batri inaweka karibu 1,280. Mwenye nyumba ya kawaida anaweza kufanya hesabu hii hii kwa kalamu, mbele ya kununua kitu chochote.

Likasi tulifika mbele ya saa sita. Nyumba tuliipata kwa mutaa, si kwa namba; muzee alijua kona. Leo inakaliwa na mama mumoja mujane, mume wake alikuwa mutumishi wa mugodi, pamoja na wajukuu 5. Muzee alisimama kwenye lango, hakuingia mupaka mama alipomushika mukono. Nyumba imebadilika, veranda imefungwa kwa tofali, lakini nyuma mwembe ungali pale, mukubwa sana. Baba yake ndiye aliyeupanda. Alizunguka shina mara mbili bila kusema.

Kisha akatangaza kwamba motokari itakaa chini ya mwembe, na yeye atalala pale siku zote mbili. Fundi akatazama pano, akatazama matawi, akanitazama mimi. Kumwambia muzee asikae chini ya muti wa baba yake si neno jepesi kwa kijana wa miaka 24. Mama Mubelgiji ndiye aliyelisema, kwa sauti ya bibi aliyeolewa miaka mingi: "Muti ni wa baba yako, lakini friji ni yangu." Wajukuu walicheka hata pasipo kuelewa Kifransa. Mwisho walipatana: mchana motokari inakaa barabarani katika jua, saa kumi na mbili ya jioni inaingia chini ya mwembe. Usiku pano hazina kazi, basi kivuli hakidhuru. Vilikuwa usiku viwili vya bukari na sombe, na habari za zamani za pande zote mbili, zingine tamu, zingine hapana. Mama mujane alimuambia wazi kwamba wakati ule baba yake yeye hakuweza kupita mutaa huu jioni pasipo karatasi. Muzee akajibu: "Ninajua, mama." Wakaendelea kula.

Toka Likasi mupaka Kolwezi vumbi ni jingi, hasa kwenye njia za pembeni zinazotumiwa na makamio ya migodi. Kila asubuhi, wakati kioo kingali baridi, kijana alipanda na kitambaa na ndoo moja. Hautupi maji ya baridi juu ya kioo kinachowaka jua. Namba ya regulateri ilionyesha tofauti mbele na nyuma ya kufuta, na vumbi jekundu lilishuka kama chai.

Kolwezi iko juu, zaidi ya metre 1,400. Mashimo ya migodi yanafika karibu na nyumba, na kuna Kasulo, kule watu walianza mwaka 2014 kuchimba kobalti chini ya sakafu zao wenyewe. Lakini mimi nilitaka kumuonyesha kijana kitu kingine: mwisho wa waya wa Inga–Shaba. Waya huo ulimalizika mwaka 1982, karibu kilometa 1,700 kutoka muto Kongo mupaka hapa, kwa ajili ya viwanda vya shaba. Unabeba umeme wa mwendo mumoja, ule mafundi wanaita kurani kontinu, kwa nguvu ya volti 500,000. Umeme wa namna hiyo hauchotwi njiani kama maji ya bomba. Unataka kituo kikubwa cha kuugeuza. Njo vile vijiji vingi vinaona nguzo za chuma zinapita juu ya mashamba, na usiku wanawasha kibatari. Kijana akasema, pano yetu nayo inatoa kurani kontinu, volti 18 hivi tu. Ni umeme wa jamaa moja. Lakini ule wa pano unaanzia pale pale mutu anapolala.

Mvua ilitukuta Kolwezi, mvua ya kweli ya kwanza, siku mbili na mawingu meusi. Sasa tungeona. Namba ya batri ilikuwa 100 kwa mia. Jioni ya pili ilikuwa 46. Mama alizima kipepeo na taa zote ila moja, akaacha friji peke yake. Hakuna tone lililoingia kwa paa. Siku ya tatu jua likatoka, limeoshwa, na jioni namba ikapanda mupaka 78. Insulini: digri 5.

Wakati wa kurudi wazee walituacha Likasi, wakaendelea kwenda mupakani. Ile pano ndogo ya zamani ya wati 80 waliiacha kwa mama mujane, pamoja na regulateri ya zamani. Fundi alinunua batri ya kawaida ya risasi, akamuonya mama asiimalize kupita nusu, maana batri za namna hiyo zinakufa upesi zikikaushwa. Aliweka pano juu ya bati la nyumba, juu ya mbao mbili ili ipumue, imeinama kidogo upande wa kaskazini ili mvua ioshe vumbi, mbali na kivuli cha mwembe.

Mama akauliza kama friji yake itaweza kutumika. Kijana akapiga hesabu mbele yake, chini, kwa kijiti katika udongo: wati 80 mara saa 5, toa yanayopotea, zinabaki 280. Friji hapana. Taa 3, redio na simu za nyumba yote, ndiyo.

"Basi taa kwanza," mama akasema. "Ya kwanza utie mahali batoto wanasomea." Akamushikia ngazi.